Makasia Mengi Peke Yake Hayatoshi

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, Kigoma)



Nilipopata barua ya Mwenyekiti ikinitaka nizungumze juu ya seva na prosesa za kisasa, nilijua kwamba sikuchaguliwa kwa uhodari wa kusema. Wale tuliolala bweni moja watakumbuka kwamba katika chama cha mdahalo mimi nilikuwa mtunza saa. Nimeitwa kwa sababu Kamati imependekeza tuchange fedha kuinunulia shule yetu seva kubwa, yenye prosesa mbili za viini 64 kila moja, na mwaka jana mimi ndiye niliyesimama hapa hapa kuliunga mkono pendekezo hilo kwa nguvu zote. Leo nimekuja kuwaomba tubadili mawazo. Mna haki ya kuelezwa kwa nini.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Seva ni kompyuta inayowatumikia watu wengi kwa wakati mmoja. Prosesa ni kile kipande ndani yake kinachofanya hesabu. Na kiini ni ile sehemu ya prosesa inayoweza kupokea amri na kuitekeleza yenyewe. Zamani prosesa moja ilikuwa na kiini kimoja tu. Siku hizi hata simu mliyonayo mfukoni ina viini kadhaa, na mwaka 2024 kampuni ya AMD ilitoa prosesa ya seva yenye viini 192.

Kwa nini viini vimekuwa vingi hivyo? Kwa nini wahandisi hawakutengeneza kiini kimoja chenye mbio za ajabu? Hapa nawaomba wa rika langu wakumbuke karabai ya darasani. Umeme ukikatika wakati wa masomo ya usiku, karabai moja ilitundikwa juu ya ubao. Waliokaa nyuma walinung'unika kwamba hawaoni. Kiranja akapiga pampu, mwanga ukaongezeka. Wakanung'unika tena, naye akapiga tena. Usiku mmoja kile kifuko cheupe kinachowaka kikapasuka, tukabaki gizani wote, wa mbele na wa nyuma. Juma lililofuata mwalimu wa zamu alikuja na taa nne za chemli. Hakuna hata moja kati yake iliyofikia mwanga wa karabai, lakini kila pembe ya darasa ilipata taa yake, na sote tulisoma.

Habari ya prosesa ni hiyo hiyo. Prosesa ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista 2,300. Kwa miaka zaidi ya thelathini baada ya hapo wahandisi walizidi kuzifanya transista kuwa ndogo, na kuongeza idadi ya mapigo ambayo prosesa hupiga kwa sekunde. Kila pigo ni hatua moja ya kazi, kwa hiyo mapigo mengi zaidi ni mbio zaidi. Lakini ili prosesa ipige haraka zaidi, aghalabu hubidi kuongeza volteji ya umeme, na joto huongezeka kwa kufuata mapigo mara mraba wa volteji hiyo. Kwa maneno mengine, ukiongeza mbio kidogo, unapata joto jingi. Kufika mwaka 2004 pampu ilikuwa imepigwa mno. Mwaka huo Intel iliuacha mpango wake wa prosesa iliyokusudiwa kuzidi mbio za zile zilizotangulia.

Ndipo zikaja taa za chemli. IBM ilikuwa imekwisha kutangulia mwaka 2001 kwa prosesa yake ya POWER4, yenye viini viwili katika chipu moja. Mwaka 2005 AMD na Intel nazo zikatoa prosesa za seva zenye viini viwili. Tangu hapo idadi haikurudi nyuma.

Katika habari hii ningependa vijana walishike jina moja, la Kunle Olukotun. Ni mhandisi mwenye asili ya Nigeria, profesa katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mwaka 1996 yeye na wenzake waliandika kutetea wazo la kuweka viini vingi vyepesi katika chipu moja, wakati ambapo wakubwa wa viwanda walikuwa bado wanakimbizana na kiini kimoja kikubwa. Mwaka 2000 alianzisha kampuni akaiita Afara, neno la Kiyoruba lenye maana ya daraja. Kampuni ya Sun iliinunua mwaka 2002, na mwaka 2005 matunda ya kazi yao yakatoka kwa jina la UltraSPARC T1. Ilikuwa na viini 8, na kila kiini kilishika nyuzi 4 za kazi, hivyo kazi 32 zilikuwa mkononi kwa wakati mmoja, kwa kutumia takriban wati 72 za umeme.

Kiini kimoja kinawezaje kushika kazi nne? Mwulizeni mvuvi yeyote wa Katonga. Mtu akiwa na mshipi mmoja, muda mwingi anangoja samaki ale. Mwenye mishipi minne, huu ukiwa umelala anavuta ule. Kiini nacho hupoteza muda mwingi kikingoja data itoke katika kumbukumbu ya mashine, kwa maana kumbukumbu iko mbali na ni nzito kujibu. Olukotun na wenzake waliona kwamba kazi ya seva ni maombi madogo madogo ya watu wengi, yasiyotegemeana. Ombi hili likiwa linangoja, kiini kishike lile.

Tazameni mfano wa hapa nyumbani. Mama anayeuza dagaa Kibirizi analipwa kwa simu. Ujumbe wake unakwenda hadi kwenye seva zilizoko Dar es Salaam, mwendo wa kilomita zipatazo 1,250 kwa njia ya reli, na jibu linarudi kabla hajafunga kibindo. Wakati huo huo wako wengine Ujiji, Kasulu, Mwanza na Unguja wanaofanya vile vile. Malipo ya mama huyu hayangoji malipo ya yule. Kila kiini kinachukua mteja wake. Kwa kazi ya namna hiyo viini 100 vinaweza kukaribia kabisa kufanya kazi ya mashine 100. Nanyi mmekwisha kuona ziwa letu katika usiku wa giza, jinsi taa za wavuvi zinavyoenea majini kama mji. Kila chombo na taa yake, kila chombo na wavu wake. Hapo wingi ni nguvu kweli.

Na hizo prosesa kubwa hutengenezwaje? Hapa tena tuna mwalimu wetu bandarini. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa na kuungwa upya hapa Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Haikuwezekana kuja nzima. Prosesa nazo zimefikia hapo. Kasoro ndogo katika chipu kubwa huweza kuiharibu yote, bali chipu ikikatwa ndogo ndogo unatupa kile kipande kibovu tu. Kwa hiyo AMD, katika prosesa yake ya EPYC ya mwaka 2017, iligawa viini 32 katika vipande vinne, kisha ikaviunga pamoja.

Lakini Liemba inatufundisha jambo la pili. Wengi wetu tuliipanda kurudi makwetu wakati wa likizo. Mnakumbuka ilivyokuwa ikisimama mbali na ufuko katika vijiji visivyo na gati. Mitumbwi ishirini inaizunguka, kila mmoja umejaa abiria na magunia, na mlango ni mmoja. Je, ukileta mitumbwi arobaini, meli itaondoka mapema? Haiondoki mapema. Itachelewa, na makelele yataongezeka. Katika seva, mlango huo ni njia ya kwenda kwenye kumbukumbu na kwenye diski. Viini vikizidi upana wa mlango, vinasongamana.

Ndugu zangu, sasa nafika mahali ambapo nisingependa kufika, lakini bila kupafika hotuba yangu haina maana.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mkuu wa kitengo cha kompyuta katika ofisi moja, ambayo sitaitaja. Kila mwisho wa mwezi tulikuwa na kazi ya kutengeneza hati za madai ya wateja. Mashine yetu ya viini 4 iliifanya kwa saa 10, usiku kucha. Nikaandika dokezo la kurasa sita nikitaka mashine mpya ya viini 32. Katika mkutano nilimwahidi Mkurugenzi, kwa mdomo wangu huu, kwamba kazi ya saa 10 itamalizika kwa saa moja na robo. Hesabu yangu ilikuwa ya mtoto wa darasa la tano: viini ni mara nane, basi muda ni moja ya nane. Mashine ikanunuliwa.

Mwisho wa mwezi wa kwanza kazi ilichukua saa 11.

Zamu ya usiku ilikuwa ya kijana mmoja, mtoto wa mwambao huu huu. Aliniita kwenye skrini, akanionyesha mistari 32, mmoja kwa kila kiini. Mstari mmoja ulikuwa umejaa hadi juu. Mingine 31 ilikuwa imelala. Akaniambia kwa upole, "Mzee, mpiga kasia ni mmoja tu. Wengine wamepakiwa." Programu yetu ilikuwa imeandikwa zamani, kufanya jambo moja baada ya jingine, mteja wa kwanza hadi wa mwisho. Haikujua kugawana kazi. Na kwa kuwa kila kiini cha mashine mpya kilikuwa na mapigo machache kuliko vile vya zamani, yule mmoja aliyepiga kasia alikuwa mpole zaidi.

Nilielewa pale pale. Lakini asubuhi Mkurugenzi aliponiuliza, nilijibu kwamba huenda mwendeshaji wa zamu hakuiandaa mashine ipasavyo. Nilisema "huenda". Neno hilo dogo lilitosha. Kijana yule alihamishiwa stoo, akawa anahesabu karatasi na wino, naye ndiye peke yake aliyekuwa ameliona kosa. Mimi nilibaki na kiti changu.

Baadaye tuliirekebisha programu kwa kufuata maneno yake. Tuliacha viini viwili kwa shughuli za mashine yenyewe, tukawagawa wateja katika mafungu 30. Katika zile saa 11, kazi ya saa 10 iligawanyika, ikawa dakika 20. Lakini saa moja ilikataa kugawanyika, kwa maana mwishoni hati zote zilipaswa kupewa namba kwa mfuatano na kuingizwa katika daftari moja kuu, na hakuna namba inayoweza kutolewa kabla ya ile inayoitangulia. Jumla ikawa saa moja na dakika 20. Ni mafanikio makubwa. Lakini angalieni: tungenunua viini 300, zile dakika 20 zingekuwa 2, na ile saa moja ingebaki pale pale. Tungelipa mara kumi ili kuokoa dakika 18.

Hii siyo hekima yangu. Mhandisi wa Marekani aitwaye Gene Amdahl aliieleza mwaka 1967: ile sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoweka mpaka wa mbio, hata ukiongeza wafanya kazi kiasi gani. Tulikuwa tukiimba hapa shuleni kwamba umoja ni nguvu. Ni kweli, lakini ni nguvu pale tu kazi inapokuwa imegawanywa. Watu thelathini na mbili wakimtazama mmoja akilima, huo ni mkutano wa hadhara.

Tena Taifa letu lilikutana na somo linalofanana na hili mapema. Kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Juhudi za kuziingiza hesabu za Serikali katika kompyuta zilikwenda vibaya, wataalamu wa nchini walikuwa wachache mno, na ikabidi kurudia kazi ya mkono. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na ilichukua miaka mingi kabla ya mlango huo kufunguka tena. Mashine ilitangulia, kazi na watu wakafuata nyuma. Mimi, miaka mingi baadaye, nilirudia kosa hilo katika chumba kimoja chenye kiyoyozi.

Basi turudi kwenye pendekezo letu. Chumba cha kompyuta cha shule kina viti 40. Vijana wataandika, watasoma vitabu na mitihani iliyopita, na wachache watajifunza kuandika programu. Kazi yao inagawanyika vizuri, maana kila mmoja ana yake. Lakini ni kazi nyepesi. Viini 128 tunavyotaka kuvinunua vitalala mchana kutwa kama wale 31 wa kwangu. Tena prosesa za ukubwa ule hula zaidi ya wati 200 kila moja zikiwa kazini, na joto hilo lazima litolewe kwa mashine nyingine inayokula umeme wake. Ni kweli kwamba mwaka 2022 mkoa wetu ulianza kuunganishwa na gridi ya Taifa, baada ya miaka mingi ya kutegemea jenereta za dizeli. Hata hivyo, bili hailipwi na gridi, inalipwa na shule. Na programu nyingi za kibiashara hutozwa ada kwa hesabu ya viini, kila kiini na ada yake, kiwe kinafanya kazi au kimelala.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu. Kwanza, tununue seva moja ya kadiri, yenye prosesa moja ya viini 16, na fedha tutakazookoa tuziongeze katika kumbukumbu, isipungue gigabaiti 128, pamoja na diski mbili zinazonakiliana ili moja ikifa nyingine iendelee. Kumbuka mlango wa Liemba: panua mlango kwanza. Vitabu na mitihani viwekwe ndani ya seva hiyo, ili intaneti ikikatika masomo yasikatike. Pili, tununue paneli za jua na betri za kutosha kuiendesha seva na skrini zake kwa saa za masomo ya usiku. Tatu, na hili ndilo kubwa, tumgharimie mwalimu mmoja apate mafunzo kamili, na kila mwaka vijana wanne wa kidato cha tano wafundishwe kuitunza. Seva isiyo na mtunzaji ni kabati la chuma lenye taa.

Kwenu vijana. Mtakapopata kazi, mtakuja kuuziwa mashine kwa kuhesabiwa viini: 64, 128, 192. Msiikatae namba, lakini ulizeni maswali mawili. Kazi yetu inagawanyika kiasi gani? Na ni sehemu gani isiyogawanyika? Mkipata majibu, mtajua mnunue nini. Na akitokea mdogo wenu wa zamu ya usiku akawaonyesha jambo kwenye skrini, mtajeni jina lake asubuhi mbele ya wakubwa, hata kama jambo lenyewe linawaaibisha.

Nilimtafuta yule kijana. Si kijana tena, ana watoto wa sekondari, na sasa anaongoza kitengo cha kompyuta katika kampuni nyingine, kikubwa kuliko nilichokuwa nacho mimi. Nilikwenda kwake nikamwomba radhi. Alininyamazia kitambo, kisha akaagiza chai. Tulipomaliza kunywa akasema, "Yamekwisha, Mzee. Lakini siku nyingine ifungue ile skrini kabla ya kuandika dokezo."

Mwaka jana niliposimama hapa kuunga mkono seva kubwa, nilikuwa sijaifungua skrini. Safari hii nimeifungua. Nilikaa siku mbili katika chumba cha kompyuta cha shule hii, nikahesabu vijana, viti na saa za umeme. Niliyowaeleza ndiyo niliyoyaona. Uamuzi ni wenu.